Mjadala: Friji ya kampuni, baa yangu. Bonasi za stokisti ni biashara ama ni kufungia wadogo barabara?

Kaunta ya Kasarani
Wadau, leo tuongee bila matusi tafadhali. Niko na baa ndogo hapa Kasarani miaka tisa sasa. Mwaka juzi kampuni moja kubwa ya bia, sitaitaja juu bado ndio inanilisha, iliniletea friji ya milango miwili, viti arobaini na mwavuli, wakapaka ukuta rangi yao mpaka mlango wa choo. Nikashukuru, nani angekataa. Hakuna mahali nilisaini ati nisiuze bia ya mtu mwingine.

Sasa kuna kijana anapika bia zake mwenyewe, hizi tunaita krafti, akaniomba nimjaribie chupa 24. Nikaziweka rafu ya chini kabisa, pale hata mlevi hainami. Jamaa wa mauzo alikuja Jumanne, akafungua friji, akachungulia, akapiga picha, akafunga, hakusema neno. Wiki iliyofuata ile kreti ya bure nilikuwa napata nikifikisha tageti ikayeyuka, na stokisti wangu, yule msambazaji anayeniletea bia za kampuni, ananipigia kwa sauti ya chini, "kaka, zile chupa zinatuharibia hesabu sisi wote wawili." Yaani hata bonasi yake iliguswa na chupa zangu 24!

Nikaanza kusoma, nikakuta hii maneno ni ya zamani kwa wenzetu. Marekani, tangu marufuku ya pombe iondolewe 1933, majimbo mengi yanataka bia ipitie kwa msambazaji kwanza ndio ifike kwa baa, kwa hivyo ukishika msambazaji umeshika barabara yenyewe. Mwaka wa 2015 AB InBev, wale wa Budweiser, wakaleta mpango kwa wasambazaji wao: ukihakikisha asilimia 98 ya bia unayouza ni yetu, tunakurudishia sehemu kubwa ya pesa yako ya matangazo, na msambazaji mkubwa angeweza kufika hadi dola milioni 1.5 kwa mwaka. Ukiwa 95 unarudishiwa mpaka nusu. Piga hesabu, hapo wapishi wengine wote wa nchi nzima wamebakishiwa asilimia 2 kwa lori la huyo mtu. Hakuna aliyemkataza kubeba krafti, lakini kila kreti ya krafti anayopandisha inamla mfukoni.

Serikali yao ilipata nafasi ya kuwashika Julai 2016, wakati AB InBev wanataka kununua SABMiller, kampuni nyingine kubwa ya bia, kwa zaidi ya dola bilioni 100. Wakaambiwa nunueni, lakini hiyo mipango ya kumlipa msambazaji asibebe ya wengine ikome.

Msimamo wangu ni huu, nipigwe mawe: bonasi ya kuuza nyingi sawa. Bonasi ya kutouza ya mwenzako, hapana, na hapa Kenya ipigwe marufuku. Mnasemaje?

Lori la Umoja
Mkubwa nimekusoma mpaka mwisho na nimekasirika kidogo, juu mimi ndio huyo stokisti mnamsema. Si wako, lakini ni mimi.

Wacha nikuambie bonasi ni nini. Faida ya kreti moja ni kidogo mpaka aibu kuitaja. Hapo nitoe dizeli, dereva, taniboi wawili, godauni, kanjo, chupa zilizovunjika, na wateja wa deni wanaobadilisha laini ya simu. Mwisho wa mwezi kilichobaki ni bonasi. Hiyo ndio mshahara wangu, si zawadi. Sasa huyo kijana wa krafti anataka nimbebee kreti mbili kwa mwezi, bia zenyewe nyingi hazijapashwa moto kuua vijidudu kwa hivyo zinataka baridi kutoka kwake mpaka kwa glasi, mimi lori langu ni turubai na jua la Outering saa saba mchana. Zikiharibika ni nani anabeba hasara? Kampuni kubwa chupa ikirudi na shida wananibadilishia siku hiyo hiyo.

Msiniambie nimefungia mtu barabara. Lori nililipia mimi, kwa mkopo.

Mama Pipeline
Mnaongea krafti kama kila mtu anaishi Karen. Mimi nauza kegi, bia ya pipa. Senator Keg ilipoanza 2004 serikali iliipunguzia ushuru ili watu waache vitu vya kuwapofusha macho, na mpaka leo ndio inajaza kwangu ikifika jioni. Hakuna mteja amewahi kuniuliza bia yenye harufu ya machungwa. Siku moja nilialikwa huko Karen nikanunuliwa moja, bei nilipoiona nikainywa pole pole kama dawa.

Kaunta ya Kasarani
Mama, lakini bei haijashuka kutoka mbinguni. Ukipika kidogo na hakuna lori linakubeba, kila chupa inasafiri kwa bodaboda. Hapo bei itakosaje kupanda?

Mpishi Mdogo
Asante kaka. Niongeze kitu watu hawajui. Ushuru tumesaidiwa. Tangu mabadiliko ya sheria ya kodi ya Desemba 2024 bia inatozwa kwa sentilita ya kilevi chenyewe, shilingi 22.50, na mpishi mdogo anayejitegemea analipa 10. Chukua chupa ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5: hiyo ni sentilita mbili na nusu za kilevi. Mkubwa analipa 56.25, mimi 25. Nimepewa shilingi 31 na kitu kwa kila chupa. Sasa niambieni, hiyo 31 inanisaidia nini kama chupa haina pa kukaa? Bei nashusha, friji bado si yangu.

Na Lori la Umoja yuko sawa juu ya baridi, sitamdanganya mtu. Nimewahi kupokea bia zangu mwenyewe zimerudi kutoka kwa duka nikazimwaga zote kwa shimo. Nililia.

Mzee wa Thika Road
Nyinyi vijana mnafikiri hii ni vita ya mdogo na mkubwa. Mimi nakumbuka wakubwa wenyewe. 1998 watu wa Afrika Kusini walijenga kiwanda Thika, Castle ikaingia na pesa si mchezo, si vijana wa chupa 24. Tukanywa kwa raha, kila mtu anatutongoza, fulana za bure, kofia za bure, mimi nilikuwa na kofia sita. Kufika 2002 kiwanda kikafungwa. Wakakaa chini na East African Breweries wakabadilishana hisa, East African wakapata asilimia 20 ya kiwanda cha Tanzania, wale wa Afrika Kusini asilimia 20 ya Kenya Breweries, mambo kwisha. Waliofanya kazi pale Thika wakaenda nyumbani. Kama mtu mwenye pesa hivyo alichoka, huyu kijana wenu atafika wapi? Na akifika, si ataitwa tu mezani auze. Goose Island, wapishi wa krafti wa Chicago, iliuzwa kwa hao hao wa Budweiser 2011, dola milioni 38.8.

Kaunta ya Kasarani
Na mzee hapo umenipa silaha bila kujua. Goose Island ikishanunuliwa inahesabiwa ndani ya ile 98. Kwa hivyo mnywaji anaona bomba tano tofauti kwa kaunta anafikiri amechagua, kumbe mwenye bomba nne ni mmoja.

Wakili Bila Wigi
Naomba nipunguze moto kidogo. Kuwa mkubwa si kosa Kenya. Sheria ya Ushindani ya 2010, iliyoanza kufanya kazi Agosti 2011, inasema ukishika nusu ya soko au zaidi wewe ni mtawala wa soko, na kwa bia kila mtu anajua nani amepita nusu. Kosa ni kutumia huo ukubwa vibaya, na adhabu inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka uliotangulia. Kwa hivyo Kaunta, sheria mpya huhitaji. Unahitaji ushahidi, na ushahidi wako ni picha iliyo kwa simu ya mtu mwingine.

Kuhusu stokisti, someni kesi ya Bia Tosha dhidi ya Kenya Breweries. Msambazaji wa hapa hapa Nairobi, alilipa kama shilingi milioni 38 za kile wanaita gudwili kwa ajili ya njia zake za kuuza, halafu wakakosana, kesi ikaanza 2016. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema haki za Katiba zinaweza kudaiwa hata kati ya kampuni na kampuni, ikairudisha Mahakama Kuu isikilizwe. Mimi nilichoona hapo ni kwamba hata anayebeba kreti za mkubwa kila siku hana uhakika barabara ni yake. Lori la Umoja, hii ni yako pia.

Na kwa friji kuna mfano wa karibu. Afrika Kusini ilipokubali ule ununuzi wa SABMiller mwaka huo wa 2016, iliweka sharti kwamba mwenye baa aliyepewa friji na kampuni awe huru kuweka bia za wadogo, angalau asilimia 10 ya nafasi.

Mama Pipeline
Asilimia 10 ya friji yangu ni soda mbili na dawa ya mtoto.

Lori la Umoja
Hahaha mama wewe. Lakini wakili umenigusa, hiyo kesi tunaijua sote kwa godauni, tunaiongea mlango ukiwa umefungwa.

Sasa Kaunta, msimamo wako una shimo. Unasema bonasi ya kuuza nyingi ni sawa. Mimi tageti yangu haijaandikwa asilimia popote, imeandikwa kreti. Lakini wanajua Umoja nzima inakunywa kreti ngapi kwa mwezi, na kila nikifikisha wanapandisha. Imefika mahali tageti ni karibu kila kitu ambacho mtaa unakunywa. Nikiuza kreti kumi za mtu mwingine nimekosa. Sasa hiyo utaipigaje marufuku?

Kaunta ya Kasarani
Hapo umenikamata, nakubali. Nilifikiri asilimia ndio sumu, kumbe namba yoyote ikipandishwa vya kutosha inafanya kazi ile ile. Basi narudi kwa friji, kwa sababu friji inaonekana kwa macho na afisa anaweza kuifungua akahesabu. Hiyo asilimia 10 naitaka hapa, hata kama mama ataijaza dawa ya mtoto.

Mzee wa Thika Road
Na nani atamlipa huyo afisa nauli ya kuja Kasarani kuhesabu chupa?

Kaunta ya Kasarani
Mzee acha. Jana nimenunua friji yangu ya mtumba, mlango mmoja, haina rangi ya mtu. Inanguruma kama posho mili lakini ni yangu. Mpishi, ukiwa na chupa zingine leta. Lori, wewe je?

Lori la Umoja
Kuna siku ya Jumatano narudi mjini lori likiwa tupu. Kreti nne, kwa boksi la barafu, na barafu anunue yeye. Zikirudi zimejaa atanilipa dizeli ya kwenda na kurudi. Na lebo zifunikwe na gunia, mimi pia napigwa picha.