Jike wangu, maonyesho ya mbwa, na dume ambaye ni babu yake

Mfugaji wa Ruiru:
Salamu kwenu nyote. Ninafuga jike wa German Shepherd mwenye umri wa miaka miwili, jina lake Tausi, ambaye nilimnunua pamoja na cheti cha nasaba kinachotaja wazee wake hadi kizazi cha nne. Aliyeniuzia amenishauri nimpeleke kwenye maonyesho ya East Africa Kennel Club, chama cha wafugaji wa mbwa wenye nasaba, katika uwanja wa Jamhuri hapa Nairobi, kisha, akipata zawadi, nimpandishe kwa dume wake bingwa ambaye, nilipokisoma cheti kwa makini, niligundua kuwa ndiye babu yake mzaa mama. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba huko ndiko kuimarisha damu, na kwamba wafugaji wakubwa wa Ulaya hufanya hivyo. Mama yangu, ambaye amefuga mbuzi maisha yake yote, alicheka aliposikia, maana yeye hubadilishana beberu na majirani kila baada ya miaka michache ili beberu asije akawapanda binti zake mwenyewe.

Ninachotaka kujua ni kama mtu anaweza kushiriki maonyesho ya mbwa wenye nasaba bila kuchangia mateso yao, au kama maonyesho yenyewe ndiyo chanzo cha mateso hayo.

Daktari wa mifugo, Leicester, Uingereza:
Mama yako yuko sahihi, na hesabu inamuunga mkono. Mtoto wa babu na mjukuu, katika takriban asilimia 12.5 ya jeni zake, hupata nakala mbili za kitu kilekile kutoka kwa babu huyo mmoja, sawasawa na mtoto wa ndugu waliochangia baba tu, na hapo hatujahesabu undugu wa zamani zaidi uliojificha nyuma ya cheti. Kennel Club ya Uingereza, chama cha kusajili mbwa kilichoanzishwa mwaka 1873, iliacha mwaka 2009 kusajili watoto wa mzazi na mwanawe au wa ndugu wa baba na mama mmoja, lakini uzazi wa babu na mjukuu haikuukataza. Kwa hiyo muuzaji wako hakukudanganya kuhusu Ulaya. Alichokosea ni kudhani kwamba jambo likifanyika Ulaya limekwisha kuhalalika.

Hatua ile ya mwaka 2009 ilitokana na shinikizo. Mwaka uliotangulia BBC ilionyesha filamu ya uchunguzi ambamo watazamaji waliona mbwa wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel wakiwa katika maumivu makali, kwa kuwa fuvu la mbwa hawa mara nyingi ni dogo kuliko ubongo uliomo, na muda mfupi baadaye BBC ikaacha kutangaza Crufts, maonyesho makubwa kuliko yote ya huku. Mwaka 2012 Crufts iliweka madaktari wawakague washindi wa aina 15 zilizokuwa na matatizo ya wazi, na sita kati yao wakanyimwa ushindi, wakiwemo Bulldog na Pekingese, mbwa wenye nyuso bapa. Fikiria kwamba mbwa hao walikuwa wametoka tu mikononi mwa mwamuzi aliyebobea, ambaye aliwatazama, akawapapasa, akawaona kuwa ndio bora wa aina yao. Mwamuzi hutuza anachokiona, naye akishakaa miaka mingi miongoni mwa pua zilizobanwa huanza kuziona kuwa ndizo pua.

Kuhusu Tausi, mpige picha ya eksirei ya nyonga na viwiko kabla hujafikiria kumpandisha kwa dume yeyote. Kombe halisemi lolote kuhusu nyonga.

Mzee wa Nakuru:
Nimefuga na kuonyesha German Shepherd kwa miaka zaidi ya 20, na ninayakubali mengi aliyoandika daktari, ila nasikitika kwamba lawama hutuangukia sisi peke yetu. Wanaozalisha mbwa vichochoroni bila kumbukumbu yoyote hawaulizwi na mtu. Sisi wenye vyeti ndio tunaoshtakiwa, kwa sababu makosa yetu yameandikwa na yanasomeka. Wewe mwenyewe, mwanangu, ulimjua babu kwa kuwa cheti kilikuwapo.

Hata hivyo nina langu la kukiri. Chama cha mbwa hawa kilipoanzishwa Ujerumani mwaka 1899, mwanzilishi wake, Max von Stephanitz, alisisitiza kwamba kipimo cha mbwa ni kazi, nasi tuliokuja baadaye tukaweka mgongo unaoteremka mahali pa kazi. Dume wangu mmoja alipopata kombe nilimpandisha kwa majike zaidi ya 30 ndani ya miaka mitatu, kwa kuwa kila mwenye jike alibisha hodi kwangu, nami sikuwa na sababu ya kukataa fedha. Wajukuu wake kadhaa walianza kuchechemea kabla ya kutimiza miaka mitano.

Mwana wa Kisangani:
Naomba niwalete kwetu Kongo, maana mfano bora ninaoujua umetoka huko. Basenji, mbwa asiyebweka, ambaye wawindaji humfunga njuga ya mti shingoni ili wamsikie msituni, aliingia Crufts mwaka 1937. Jina lake lina asili moja na neno letu "washenzi", na sihitaji kueleza nani alikuwa akimwita nani hivyo. Basenji wote wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno, kisha kitabu cha ukoo kikafungwa, yaani hakuna aliyeruhusiwa kuingia isipokuwa mtoto wa waliokwisha kuandikwa.

Ugonjwa wa kurithi wa kupungukiwa damu ulipoonekana miongoni mwao, wafugaji waliwaondoa kwenye uzazi wote waliobeba jeni yake. Nia ilikuwa njema, lakini waliobaki walikuwa wachache zaidi, na miongoni mwa hao ndimo ulimoenea ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambao hufanya sukari na virutubisho vingine vipotee kwenye mkojo. Ugonjwa huu kwa kawaida hujitokeza mbwa akiwa na umri wa miaka minne au zaidi, yaani baada ya kukusanya makombe yake na kuacha watoto kila mahali, na hakuna mwamuzi duniani anayeweza kuona figo kwa kumzungusha mbwa uwanjani.

Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walikwenda kaskazini mwa Zaire, katika nchi ya Wazande, wakachukua mbwa wa vijijini wasio na cheti wala kombe, na mwaka 1990 chama cha kusajili mbwa cha Marekani kikakubali kuwaandika kitabuni. Mbwa wa mshenzi ndiye aliyeitwa kuwaokoa wenye medali. Ndiyo maana nasema uwanja wa Jamhuri si adui yako mkubwa. Adui ni mlango uliofungwa wa kitabu, na mlango huo hufunguliwa na watu walewale wanaokaa kwenye meza ya maonyesho.

Bin Khamis, Mombasa:
Mimi sifugi mbwa nyumbani, lakini nililelewa kwa kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Nikisoma kwamba Norway, hadi Mahakama yake ya Juu mwaka 2023, imezuia kuzalisha Cavalier kwa sababu ya maradhi yao, naona sheria imefika pale ambapo dhamiri ilipaswa kutangulia. Kumkuta mnyama katika mateso ni mtihani. Kumzalisha huku unajua atateseka, hilo nalo tuliite nini?

Mfugaji wa Ruiru:
Nawashukuru nyote. Nimeahirisha maonyesho, eksirei imepangwa Jumanne, na muuzaji nimemwarifu kwamba dume wake hatampanda Tausi, jambo ambalo hakulipokea vizuri. Mzee wa Nakuru, je, unaye dume asiye na undugu naye, aliyepigwa picha za nyonga? Naweza kusafiri kuja kumwona.

Mzee wa Nakuru:
Ninaye mmoja mwenye nyonga safi. Nimeitazama nasaba yake usiku huu kabla ya kukujibu, na yule bingwa wa muuzaji wako yumo, upande wa mama, kizazi cha tatu. Nitumie cheti cha Tausi, nami nitawaandikia wenzangu wa Arusha na Kampala niulize kama kuna ambaye hajamtumia bingwa huyo.