Je, hofu ya nyuklia yastahili kuitwa amani?

Swali: Ndugu zangu, inasemwa kwamba Marekani na Umoja wa Kisovieti hazikupigana ana kwa ana kwa kuwa kila upande uliogopa kuangamizwa. Je, hiyo ni amani?

Jibu: Kwa kiasi fulani, ndiyo. Lakini mwaka 1956 vifaru vya Kisovieti vilipouzima uhuru wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, hofu hiyohiyo ilichangia kuyazuia mataifa ya Magharibi yasiingilie kati.

Jibu: Naongeza kwamba tarehe 27 Oktoba 1962, wakati wa mgogoro wa makombora ya nyuklia, ndani ya nyambizi ya Kisovieti B-59 karibu na Kuba, katika joto kali na hewa nzito, ofisa Vasili Arkhipov alipinga kurushwa kwa torpido ya nyuklia. Kilichotuokoa ni utulivu wake, wala si mizani ya silaha.

Jibu: Tusiwasahau wachimbaji wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ilikotoka urani nyingi ya mabomu ya nyuklia yaliyoangushwa Japani mwaka 1945.