Sinners: hivi ni mimi tu niliyeona ile saa ya kwanza ndo muvi yenyewe?

Mzee wa Siti ya Nyuma:

Wakuu heshima yenu. Nimeicheki hii Sinners ya Ryan Coogler, ile iliyotoka Aprili 2025 ambayo kila kona watu wanaisifia, sasa nataka nitoe langu la moyoni mniambie kama naionea au vipi. Ambaye hajaiona aishie hapa maana huko chini nasimulia kila kitu, sitaki lawama.

Ile saa ya mwanzo aisee. Mississippi huko Marekani, 1932, mapacha wawili Smoke na Stack wametoka Chicago walikokuwa wanafanya kazi za kihuni, kabla ya hapo walipigana Vita vya Kwanza, wanarudi kwao na hela ambayo hakuna anayethubutu kuuliza imetoka wapi, wananunua jengo la zamani la kupasulia mbao kutoka kwa mzungu mmoja mwenye tabasamu la kinafiki halafu usiku huo huo wanataka wafungue klabu. Basi, stori ndo hiyo. Jamaa wanazunguka mji mzima wanatafuta mpiga kinanda, wa kuandika bango, wa kukaanga samaki, baunsa wa mlangoni. Na mi nimetulia tuli hata simu sikushika. Michael B. Jordan kacheza wote wawili na muda si mrefu unasahau kama ni mtu mmoja, huyu ana nguo za bluu yule nyekundu lakini hata ungewavua hizo nguo ungewajua tu, Stack mdomo mwingi anachekacheka na kila mtu, Smoke kakunja sura kama anadaiwa kodi.

Sasa ndo wanaingia vampaya, wale wafu wanyonya damu, na hapo naona ni muvi mbili zimegongana. Watu niliowapenda wanaanza kung'atwa shingo mmoja mmoja, vitunguu saumu, vijiti vya kuchomana kifuani, risasi, mambo tuliyoyaona tangu enzi za mikanda ya VHS. Mi ningekuwa Coogler ningeacha klabu ifunguliwe, watu wacheze, asubuhi wale wazungu wabaguzi wa Ku Klux Klan waje tumalizane kibinadamu. Mnasemaje? Na mwenye muvi nyingine aliyoicheki karibuni aitaje humu humu, ila isiwe ya kukimbizana na magari nimechoka.

bint_pangani:

Mkuu umeionea, tena sana. Sisi huku Tanga tumekua tukisimuliwa habari za mumiani. Bibi zetu walikuwa wakisema enzi za Mwingereza ukitembea usiku peke yako unakamatwa unatolewa damu, na waliokuwa wakitajwa kwa hiyo kazi sio majini wala wachawi, ni watu wa zimamoto! Watu wa serikali kabisa wenye gari, sare na mshahara. Hizo stori hazikuwa za Tanga tu, zilizunguka Dar, Nairobi mpaka Kampala huko, na zilipamba moto kuanzia miaka ya 1920 kwenda mbele, yaani 1932 ya hiyo muvi yako iko mule mule.

Sisemi walikuwa wananyonywa kweli. Nasema mtu anakata mkonge tangu alfajiri, ana kipande chake, ile kadi ya kazi, ambacho mpaka zijae siku 30 za kazi ndo alipwe, anadaiwa kodi ya kichwa, halafu umshangae akisema hawa watu wananyonya damu? Sasa rudi kwenye muvi. Umeona pale klabuni watu wanavyoanza kulipa kwa zile sarafu za mbao za shambani, hela ambayo haina kazi popote isipokuwa kwenye duka la tajiri mwenye shamba, na Smoke anavyochukia? Hapo damu ilishanyonywa siku nyingi na vampaya wala hajafika mlangoni. Kwa hiyo ukisema ni muvi mbili zimegongana mi sikubali, ni moja tu, ila nusu ya pili meno yameota.

Chalii wa Ngarenaro:

Hahaha dada umetisha, "meno yameota".

Mi niliianzia banda umiza, ile ya kutafsiriwa. DJ anayetafsiri kawaita mapacha Kulwa na Doto mwanzo mwisho, na yule vampaya mkubwa akampa jina Mwenyekiti, kila akitokea "Mwenyekiti kaja na kamati yake". Tulicheka mpaka basi. Lakini ilipofika ile sini ya muziki ambayo hakuna maneno ya kutafsiri si akaanza kutangaza duka lake, njoo nikujazie flashi kwa bei poa, namba hizi hapa. Nikatoka najua ni muvi ya kawaida tu ya kung'atana.

Baadae mshkaji akanipa yenyewe nikavaa hedifoni. Oyaaa. Yule dogo Sammie anaanza kupiga gitaa na kuimba taratibu, kamera inazunguka katikati ya watu, mara unaona wapiga ngoma wa Afrika ya zamani wako pale, mara jamaa ana gitaa la umeme wa miaka ya mbele huko, mara DJ anakwaruza santuri, madansa wa Kichina wale wa opera nao wamo kwa sababu wenye duka pale mjini ni Wachina, wote ghala moja na muziki wote unaingiliana bila kugombana halafu paa linawaka moto. Sasa mzee hiyo sini iko nje ya saa yako ya kwanza au ndani? Maana ndo inayowaita hao vampaya, wamesikia muziki wakaja. Ukitoa vampaya unamwambia nani aje na hiyo sauti?

Halafu ile sheria kwamba hawaingii mpaka wakaribishwe, wabongo tungeisha usiku mmoja. Mtu anapiga hodi we ushasema karibu kabla hujajua ni nani, tena unaongeza pita ndani chakula kiko mezani.

Kamaa wa Rongai:

Wasee mimi niliiona kwa sinema hapa Nairobi, na enyewe ile sini ya muziki watu walinyamaza kabisa, hata wale wa kula popkoni kwa fujo.

Lakini hakuna mtu ameongea kuhusu Remmick, huyo Mwenyekiti wenu. Ni Muairishi, na hiyo si bahati tu. Kuna venye Sammie anasali Baba Yetu akiwa ndani ya maji na Remmick anasali pamoja na yeye, alafu anamwambia hayo maneno yaliletwa kwao na watu walionyakua shamba la babake, anawachukia hao watu lakini maneno bado yanamtuliza. Manze hapo niliketi vizuri. Huyu si shetani wa kawaida, ni mtu alitawaliwa, akapoteza watu wake, sasa anataka kipaji cha huyu kijana ndio aone wazee wake tena. Na anakuja na ofa ya ukweli: kwangu hakuna mweusi hakuna mweupe, sote familia. Ukiangalia nje kule kwa Klan, ofa si mbaya.

Shida ni kwamba wakishageuzwa wote wanaimba wimbo wa nani? Wake. Wanacheza densi ya nani? Yake. Wale watu weusi ndani walikuwa na blues yao, sasa wako nje kwa giza wanazunguka na wimbo wa Kiairishi, na ni wimbo mtamu, hiyo ndio inaogopesha. Mzee wa Siti ya Nyuma hiyo huwezi pata na Klan peke yao, Klan hawawezi kuja kukubembeleza.

Kuhusu ingine ya kuwatch, tafuta Nawi, ya huku kwetu, ndio Kenya ilichagua 2024 kupeleka kwa Oscars. Msichana wa Turkana amepita mtihani vizuri sana, baba anataka kumuoza apate mifugo, anatoroka. Huyo msichana, Michelle Lemuya Ikeny, anabeba hiyo filamu yote kwa uso wake. Kuna mahali inaanza kuhubiri kama tangazo la NGO, sitakudanganya, lakini Turkana yenyewe vile imepigwa picha, lile jua, ule upepo, utasamehe.

Mzee wa Siti ya Nyuma:

Nimewasoma wote, na bint_pangani hiyo ya kipande na sarafu za mbao nimeinukuu nitaitumia kijiweni kama yangu.

Ila bado niko pale pale kidogo. Kuelewa kwa nini vampaya wamewekwa ni kitu kimoja, kuwafurahia ni kingine. Ile vita ya mwisho ndani ya ghala giza tupu, watu wanarukiana hujui nani kang'ata nani, jamaa ametumia saa nzima kunipendezesha yule baunsa Cornbread na mpiga kinanda Delta Slim halafu anawamaliza harakaharaka kama ana basi la kuwahi. Yule mzee Delta Slim, Delroy Lindo, ile stori anayosimulia ndani ya gari kuhusu mwenzake aliyeuawa, anaanza kulia inageuka kuwa muziki, hiyo inaogopesha kuliko meno yote mle ndani. Hapo ndo ninaposimamia.

mjukuu_wa_darajani:

Assalaam aleikum jamaa. Hiyo ya kufungiwa ndani usiku kucha mnaangaliana nani kashageuzwa, sie Unguja tulishaiishi bila ya kununua tiketi. 1995, Popobawa, jini la kuvamia watu usiku. Ilianza Pemba ikaja Unguja, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, watu hawalali ndani, mitaa mizima wamekaa nje wamewasha moto wanakesha, mgeni akipita usiku wa manane hajui kama atafika. Sasa hapo hofu ya jini na hofu ya siasa uitenganishe vipi? Ndo maana miye na bint_pangani lugha moja.

Ila na wewe mzee una haki yako, mwisho unakimbia. Pale Grace, yule mama wa dukani, anavyowakaribisha wale viumbe ndani kwa hasira, nilitamani tupewe muda kidogo tuelewe. Wametishia kumfuata mtoto wake, sawa, lakini inakuja ghafla mno.

Kwa vile mnazungumza muziki, miye wiki iliyopita nimeirejea Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Unguja ya miaka ya 50, Yasmin kaozeshwa mume mzee anakimbia, Denge na harakati zake za kumtoa Mkoloni. Kama umesoma kitabu utanung'unika, mengi yameachwa, Denge wa kitabuni ana maneno na mzaha kuliko huyu. Lakini picha! Vichochoro vya Mji Mkongwe usiku, vivuli, taa ya kandili, kila fremu unaweza kuitundika ukutani. Na Mwajuma kachezwa na Siti Amina, mwenyewe mwanamuziki wa taarab, kwa hivyo akiimba anaimba kweli haigizi. Inakwenda polepole lakini, usiianze ukiwa na usingizi.

Kopi Orijino:

Mnachambua vampaya mmesahau aliyenyonywa na aliyekataa kunyonywa. Coogler kwenye mkataba wake na kampuni ya Warner Bros. alipata haki ya muvi imrudie yeye baada ya miaka 25, yaani 2050 Sinners ni mali yake. Na alisema wazi kaliomba hilo kwa muvi hii kwa sababu muvi yenyewe inahusu watu weusi kumiliki kitu chao. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 360 duniani, kwa hiyo hata waliokuwa wanalalamika walinyamaza.

Nimefanya fanya kazi kwenye hizi muvi zetu enzi za DVD mtaani. Prodyuza alikuwa anapeleka muvi kwa msambazaji, anapewa hela mara moja, anasaini kwamba haki zote zimeondoka, kwaheri. Muvi ikiuza kopi elfu kumi au laki ni shauri lao. Ikionyeshwa kwenye basi la mkoani kila siku miaka kumi, shauri lao. Kuna waigizaji maarufu unaowajua sura zao mpaka leo na hawana hata kopi ya walichocheza. Sasa nikiangalia pale Smoke na Stack wanahesabu hela za klabu usiku wa kwanza wanagundua haitoshi, na mzungu aliyewauzia jengo asubuhi anarudi na bunduki, mi sioni muvi ya vampaya wala ya Marekani.

bint_pangani:

Kopi Orijino umemaliza kila kitu.

Ila jamani mbona mmemsahau Annie? Mke wa Smoke, mganga kamili yule, hirizi kamtengenezea mumewe mwenyewe na Smoke kaivaa vitani akarudi mzima ingawa anajifanya haamini. Yeye ndo wa kwanza kujua wanapambana na kitu gani, yeye ndo anatoa kile chupa cha kitunguu saumu kila mtu ale ajulikane. Wanaume wote wana bunduki na mwenye akili ni mmoja. Wunmi Mosaku apewe maua yake.

Chalii wa Ngarenaro:

Kwenye ya DJ Annie aliitwa Mama Mchungaji sijui kwa nini.

Swali, kuna mtu kasema mwisho kuna kipande kingine baada ya majina kuanza kupita? Banda umiza walizima hapo hapo wakaweka mechi.

Kamaa wa Rongai:

Kiko, na usikikose. Ni Chicago 1992, Sammie sasa ni mzee ana baa ya blues, na anayemcheza ni Buddy Guy mwenyewe, yule gwiji wa blues. Anapata wageni wawili usiku wamevaa kinyama za 90s. Sikwambii ni nani. Alafu bado kuna kidogo ingine mwisho kabisa kabisa majina yakiisha, Sammie akiwa kijana na gitaa.

Mzee wa Siti ya Nyuma:

Hicho cha Chicago nilikiona, na ndo kipande pekee cha vampaya nilichokipenda mwanzo mwisho, mnaona sasa? Wamekaa wanaongea, hakuna anayerukiwa.

Leo nashusha Vuta N'kuvute bando likiruhusu. Kamaa hiyo Nawi wanaongea lugha gani, maana nikianza kusoma maandishi chini sioni picha.

Kamaa wa Rongai:

Kiturkana, Kiswahili na Kiingereza zimechanganywa. Kwa Kiturkana utasoma tu mzee, hakuna njia. Vaa miwani.