Naomba ushauri: ridhaa ya mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi

Ndugu wanajamvi, mimi ni mwanafunzi wa udaktari nchini Kenya, na kwa sasa niko katika mafunzo ya magonjwa ya wanawake. Mgonjwa akishalala kwa dawa ya usingizi, wanafunzi huitwa mmoja baada ya mwingine kuvaa glavu na kumpima ukeni ili wajifunze, ilhali fomu aliyoitia sahihi inataja upasuaji na usingizi tu. Jambo hili linanikosesha amani. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa na aridhie kabla ya kuhudumiwa. Huko Marekani, mwongozo wa serikali wa Aprili 2024 unazitaka hospitali zipate ridhaa ya maandishi kwa uchunguzi wa aina hii. Kujifunza ni lazima, na naamini wengi wangekubali wakiombwa kwa heshima. Lakini daktari anayetusimamia ndiye anayetupa alama. Je, nimwombe ruhusa ya kuzungumza na mgonjwa wodini jioni ya kuamkia upasuaji, au twende kwa mkuu wa idara tukiwa kundi? Nanyi wauguzi, mngemweleza mama huyo kwa maneno gani?