Tupeane uzoefu: Umewahi kuingia pabu kongwe ya Uingereza inayouza bia za Ubelgiji, Uholanzi au Cheki?

Mzee wa Kona

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Uzi huu ni wa walioishi, waliosoma au waliopita Uingereza. Pabu za kawaida tuziache, kila mtu ana stori yake. Nazungumzia zile kongwe ambazo jengo ni la Kiingereza kuanzia mlango hadi dari, ila chupa zilizopangwa nyuma ya kaunta zimevuka bahari. Uliingiaje, uliagiza nini, ulionaje? Tiririkeni.

Naanza mimi. De Hems, London, mtaa wa Macclesfield, katikati kabisa ya Chinatown. Unatoka Shaftesbury Avenue, unapita mabata ya kuchoma yananing'inia madirishani, mara unakutana na pabu ya Kiholanzi. Wenyeji wanasimulia kuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waholanzi waliokimbia nchi yao baada ya Wajerumani kuikalia walikuwa wanakutania humo. Jina ni la nahodha wa Kiholanzi aliyeiendesha zamani, ila lilikuja kubandikwa rasmi mwaka 1959.

Alinipeleka Mholanzi tuliyekuwa tunafanya naye kazi, siku timu yao inacheza. Hakunidokeza lolote kuhusu mavazi. Ukumbi mzima rangi ya chungwa, mimi peke yangu nimetinga jezi ya Taifa Stars. Hakuna aliyenibughudhi, zaidi ya mzee mmoja aliyetaka kujua hiyo ni timu ya daraja la ngapi.

Kilichonibamba hasa ni bitterballen. Viduara vidogo, nje vimekaangwa na chenga za mkate vikawa kahawia, ndani rojo la nyama. Ukiona unadhani katlesi. Jamaa akanishika mkono kabla sijatia mdomoni: pasua kwanza kwa uma, subiri mvuke utoke, chovya haradali, ndiyo ule. Ndani mle kuna moto wa volkano.

Binti wa Kibosho

Nimeweka kambi.

Mimi nilisoma York. Mtaa wa Stonegate kuna House of the Trembling Madness. Chini ni duka la chupa, unapanda ngazi nyembamba ambazo mkikutana wawili lazima mmoja arudi nyuma, unatokea kwenye ukumbi wa enzi za kati wenye maboriti meusi na vichwa vya wanyama vimetundikwa ukutani. Siti chache, kwa hiyo mnabanana na watu msiowajua na stori zinaanza zenyewe.

Niliagiza Orval, bia ya Ubelgiji, kwa sababu ya chupa yake tu, ina umbo la kipekee. Mhudumu akaniuliza nataka changa au iliyokaa. Nikashangaa, bia nayo? Kumbe wakati wa kujaza chupa wanaongeza chachu nyingine inayoendelea kufanya kazi ndani kwa miezi mingi. Ikiwa changa inanukia hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, na ni chungu, ikikaa inakuwa kavu na harufu inabadilika kabisa. Tarehe ya kujazwa imeandikwa kwenye lebo, unajichagulia mwenyewe.

Akanimiminia taratibu kwenye glasi yake maalumu, pana yenye mguu kama kikombe cha kanisani, akaacha kidogo chini ya chupa. Nikamuuliza mbona hamalizii. Akaiinua kwenye taa nikaona tope la chachu. Nikamwambia kwetu Kilimanjaro mbege tunakunywa na machicha yake kwenye kata na hakuna anayeuliza. Akacheka, akanimalizia na lile tope. Tamu, msidanganywe.

Na ndiyo, bia ile inatengenezwa ndani ya monasteri. Ukiona alama ya pembe sita ya Trappist, shirika la watawa wa Kikatoliki, maana yake imepikwa ndani ya kuta za watawa, chini ya usimamizi wao, na faida inaendesha monasteri na kusaidia wenye shida. Paroko wetu nilipompa habari hizi alinyamaza kidogo, halafu akauliza zinapatikana Dar?

Kasapa Boy

Jambo kwenu wote. Miye ni mtu wa Lubumbashi, kwetu bia ni Simba na Tembo. Wabelgiji walitutawala miaka mingi, kiwanda cha bia cha Bralima kilianza Kinshasa mwaka 1923, lakini hizi bia za watawa nimekuja kuzionjea London, kwa Waingereza! Pabu inaitwa The Dove, pale Broadway Market, Hackney. Menyu ya bia za Ubelgiji ni ndefu kuliko ya chakula.

Nilienda na mjomba, alikuwa amekuja kutusalimia. Mjomba akakaa mezani, akangojea. Akapiga makofi. Hakuna mtu. Nikamwambia mjomba, hapa unajisogeza mwenyewe kwenye kaunta, unalipa palepale, unabeba glasi yako. Akakataa katakata: mtu mzima hawezi kubeba glasi yake mbele ya watoto. Nilibeba mimi. Alikunywa Westmalle Tripel, asilimia 9.5, akasema hii ndiyo walikuwa wanatuficha.

Mswahili wa Mvita

Mie pombe situmii, lakini nina yangu. Sheffield Tap, ndani ya stesheni ya treni ya Sheffield. Palikuwa ukumbi wa vinywaji wa abiria wa daraja la kwanza, umejengwa 1904, ukaachwa ukachakaa, ukafufuliwa 2009. Wallahi vigae vile na kaunta ile ndefu ya mbao, hata kama wanywa maji tu, ingia utazame.

Wenzangu wa kazini walikuwa wakinywa Bernard ya Cheki, mie soda. Mmoja akanipa darsa: mwaka 1842 mji wa Plzeň walimwajiri Mjerumani, Josef Groll, akatoa bia ya rangi ya dhahabu, na hizi laga za kwetu za rangi hiyo chimbuko lake ni hapo.

Wasiokunywa wenzangu, suala ni raundi. Pale kila mtu hununulia wenzake kwa zamu. Wako watakaonunua na wako watakaojitoa kwa sababu ya dini. Mie huwaambia mapema tu kuwa mie najilipia soda yangu. Hakuna aliyenuna.

Mzee wa Kona

Mvita, shukrani kwa hilo, wengi huliona aibu kuuliza.

Kwa wanaoniuliza inbox kuhusu ukali: bia yetu ya Safari ni asilimia 5.5, Rochefort 10 ya watawa wa Ubelgiji ni 11.3. Za kwenye bomba unaweza kuomba nusu painti au hata theluthi. Usione haya, Waingereza wenyewe wanaagiza hivyo.

Kijana wa Leeds

Niongeze la glasi. Kwak, bia nyingine ya Ubelgiji, inakuja kwenye glasi yenye kitako cha mviringo, haisimami, inashikiliwa na kishikio cha mbao. Watu wanaziiba balaa. Pabu moja hapa walinitaka niache leseni kaunta. Nikaona wananidhalilisha, hadi nilipofika Ghent, Ubelgiji kwenyewe, baa ya Dulle Griet. Kule ukiagiza bia ya glasi ile kubwa wanachukua kiatu chako kimoja, wanakiweka kwenye kikapu na kukivuta hadi darini. Urudishe glasi ndiyo kishuke. Soksi yangu ilikuwa na tundu la kidole gumba, na nilikuwa na shemeji.