Mkate wa kumimina wabonyea katikati

Jamani, rojo laumuka vizuri, lakini mkate ukiiva wabonyea na chini washikana kama ugali. Natia mchele vikombe 2, tui vikombe 2, hamira kijiko 1 cha chai. Nakosea wapi?

— Tui limezidi, dadangu. Mchele ulowekwe usiku kucha, uchuje maji yote, kisha tui zito kikombe 1 na robo latosha. Saga mpaka vidole visisikie chenga. Sukari itie baada ya kuumuka, kwani nayo hulainisha rojo.

— Na kwa joto letu la Mombasa usingoje saa nzima! Ukiona mapovu, mimina. Likipitiliza litashuka tu. Sufuria ipate moto kwanza, halafu makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Ile harufu ya iliki, mashallah!