Naombeni ushauri: bosi anataka niandike simba wa Ishasha ndio wakubwa Afrika nzima

Kijana_wa_Kihihi
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mimi natembeza wageni kwenye kambi moja huku upande wa Kihihi, tunawapeleka Ishasha, kusini mwa hifadhi ya Queen Elizabeth hapa Uganda, kuona simba wanaopanda miti, huu mwaka wa 3 sasa. Bosi ameleta ubao mkubwa wa kupigilia kwenye ukumbi wa chakula akanipa mimi niandike habari za simba, na juu kabisa anataka isomeke kwamba simba wetu ndio wakubwa kuliko wote wa porini, dume kilo 250. Nikamuuliza hiyo 250 katoa wapi, akasema kaiona kwenye simu.

Roho inanisuta kwasababu wiki jana nilikuwa na mgeni mzee kutoka Afrika Kusini, mtu anaejua wanyama kwelikweli. Tulimkuta dume kalala juu ya mkuyu, tumbo limemwagikia pande zote za tawi, miguu minne inaning'inia kama nguo zilizoanikwa. Mzee akamwangalia na darubini muda mrefu alafu akaniuliza kwa upole, huyu atakuwa na kilo ngapi? Nikajibu 250. Akanyamaza. Ule ukimya umenikaa mpaka leo. Simba wa huku, wa kusini na wale wa India wanapishana kiasi gani kweli? Na bosi nimwambieje, ni mtu mzima wa rika la baba yangu.

Mbogo_Mkongwe
Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kupiga rangi. Kwa dume mzima wa Afrika Mashariki wastani unaotajwa ni karibu kilo 175, jike kama 120. Kule Kruger Afrika Kusini dume ni kama 188 na jike kama 124. Wa msitu wa Gir kule Gujarat, India, madume ni 160 mpaka 190 hivi na majike 110 mpaka 120. Kwahiyo wa kusini wamewazidi wa huku lakini angalia wamewazidi kwa ngapi, kilo 13 kwa dume, na dume mwenye njaa akikaa kwenye mzoga wa nyati anakula kilo 30 na zaidi kwa mkao mmoja. Yaani ule upungufu wote anaufidia kwa chakula cha usiku mmoja na nyingine inabaki. Huyo wako wa kwenye mkuyu tumbo limejaa, ungempima siku hiyo na ungempima siku nne baadae ungesema ni simba wawili.

Kilo_na_Futi
Naunga mkono mzee hapo juu. Mimi nimewahi kushika machela wakati wa kumfunga simba kola ya kumfuatilia, sio huku, upande wa Kenya, na tangu siku ile sina imani na kilo za kukisia. Anapigwa sindano ya usingizi, anafunikwa kitambaa machoni maana macho yanabaki wazi na yanakauka, alafu watu sita tunamwingiza kwenye machela ya turubai inayoning'inizwa kwenye mizani. Mizani ikatulia, 168. Gari zima tulikuwa tumekisia juu ya 200! Kilichotudanganya ni manyoya ya shingo, yanamfanya dume aonekane na kifua cha ng'ombe, ukiyasukuma kwa mkono unakuta mwili uko ndani kabisa. Ndio maana madume wa Tsavo ambao wengi hawana manyoya hayo au wanayo haba watu huwaona wadogo, wakati wale wawili waliokula watu wa reli mwaka 1898 kila mmoja alikaribia mita 3 kutoka pua mpaka ncha ya mkia.

Na umri pia uuangalie, dume wa miaka 3 ashakuwa mrefu lakini bado hajajaza mwili.

Pwaguzi256
Mbona mnamkatisha tamaa kijana, si kuna simba wa kilo 272 alipatikana karibu na mlima Kenya? Hiyo si Afrika Mashariki hiyo? Na wa Transvaal kule Afrika Kusini 1936 alifika 313.

Mbogo_Mkongwe
Ndugu yangu Pwaguzi, huyo wa mlima Kenya yupo kweli, alipigwa risasi 1993, wala sibishi. Lakini ni mmoja. Ukimkuta mtu mmoja mwenye futi saba hapo Kasese huwezi kuandika kwamba watu wa Kasese wana futi saba. Linganisha wastani na wastani, au rekodi na rekodi, ukichanganya hapo ndipo watu wanatoka na hiyo 250.

Mama_Katwe
Mwanangu, mimi nakaa huku ziwani Katwe na nataka nikwambie kuhusu bosi. Usimwambie amekosea mbele ya wafanyakazi. Mfuate jioni akiwa anakunywa chai, mwambie mzee, naogopa mgeni anaejua akisoma hii atatilia shaka na mengine tunayomwambia. Mpe kitu cha kuweka pale juu badala ya kilo. Simba wetu wana mambo ambayo hayahitaji kuongezwa chumvi. Kuna dume wetu Jacob, alikatwa mguu na mtego mwaka 2020, na Februari 2024 yeye na ndugu yake Tibu walivuka mfereji wa Kazinga usiku kwa kuogelea, kama kilomita moja na nusu, na walishajaribu wakarudi kabla ya kufanikiwa. Ana miguu mitatu! Andika hilo.

Na uandike pia kwamba hapa kijiji cha Hamukungu 2018 simba 11 walikufa kwa sumu, 8 kati yao watoto. Nililia siku ile. Wageni wajue ni wachache waliobaki.

Kijana_wa_Kihihi
Asanteni sana, mama asante kwa namna ya pekee. Nimeenda kwa mzee jana jioni nikamweleza vile ulivyosema. Alikaa kimya kidogo akauliza, sasa kilo tuziache kabisa? Nikamwambia tuziweke, 175 ya huku, 188 ya kusini, na Gir, zote zikiwa na neno wastani, na juu aende Jacob. Amekubali, ila sumu amesema tuiweke chini kidogo, nitaendelea kumwomba.

Alafu yeye mwenyewe akaleta wazo, tumepiga mstari mweusi kwenye nguzo ya mlangoni kwa kimo cha bega la dume, kama mita 1.2. Leo asubuhi mtoto wa mpishi, ana miaka 7, amesimama pale mstari ukampita kidogo juu ya kichwa, akageuka akaangalia upande wa mikuyu kule porini, hakusema kitu.